Nikimtafuta Mpiga Besi: Siku Nne Kati ya Lindi na Mtwara

Alhamisi, Lindi

Shule zimefungwa, mitihani imesahihishwa, na mwalimu wa hesabu hana tena udhuru wa kukataa kutumwa. Mzee mwenye vyombo vya bendi yetu ya dansi aliniita leo baada ya alasiri, uani kwake Mikumbi, akaniambia kwamba amekwisha kupokea malipo ya awali ya harusi tatu za mwezi huu wa Desemba na kwamba bendi haina mpiga besi. Hilo la pili nilikuwa nalijua. Kijana aliyetupigia besi kwa miaka sita aliondoka mwishoni mwa Oktoba kwenda kwa nduguye Dar es Salaam, akapata kazi ya ulinzi, na tangu hapo mazoezi yetu yamekuwa kama sinia la mboga lisilo na ugali.

Tulijaribu nyimbo mbili mbele ya mzee ili ajisikilizie mwenyewe. Mimi napiga gitaa la kati, ambalo wengine huliita rizimu, na kazi yangu ni kuzungusha kipande kifupi cha sauti nne au tano bila kuchoka wala kuharakisha, wakati mpiga solo akipita juu yangu anakotaka. Katika muziki wa dansi besi haigongi kila pigo kama inavyofanya katika muziki mwingine. Besi husema kauli fupi kisha hunyamaza, na mara nyingi hunyamaza palepale ambapo sikio la mgeni lingetegemea igonge, na kimya hicho ndicho kinachomfanya mchezaji ainue mguu. Bila besi, gitaa langu la kati lilikuwa kama mtu anayeitikia hodi ambayo hakuna aliyeipiga. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akamwomba mjukuu wake alete chai.

Gitaa la besi lenyewe limesimama pembeni mwa kabati, limefunikwa kanga kuukuu. Uzi wake mnene ulikatika wiki ileile aliyoondoka mpigaji, nao haupatikani hapa Lindi. Huagizwa Kariakoo na kuletwa kwa basi kama kifurushi, na mzee hakuona sababu ya kuagiza uzi ilhali mkono wa kuupiga haupo.

«Nenda Mtwara, mwalimu,» aliniambia. «Pesa za korosho zimetoka, kila baa ina muziki. Ukifika usimtazame mpiga solo, maana huyo hutazamwa na kila mtu.»

Nilimjibu, «Ndiyo, mzee,» kwa sababu alichokisema ni kweli inayowauma wapiga besi wote. Nchi nzima inamjua Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki mwaka 1979, na vidole vyake katika gitaa la solo bado vinasifiwa na watu waliozaliwa baada ya msiba wake. Muulize mmoja wao ni nani aliyekuwa akimpigia besi usiku ule alipotamba, uone atakavyokutazama.

Ijumaa, Mikindani

Sina mengi ya leo. Nimeondoka Lindi asubuhi kwa Kosta, tukasimama Mingoyo kwenye njia panda ya Masasi kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, nikanunua korosho za kukaanga zilizofungwa kwenye mfuko mdogo wa nailoni, na ndani ya gari mazungumzo yote yalikuwa ya mnada. Hilo ni jambo ambalo mtu wa mikoa mingine huenda asilielewe upesi. Katika utaratibu wa stakabadhi ghalani, mkulima hupeleka korosho zake kwenye chama cha msingi, hupimiwa, hupewa karatasi yake, kisha husubiri mnada na baada ya mnada husubiri benki. Kwa hiyo pesa haziji kidogo kidogo. Hushuka kwa mkupuo, kijiji kizima katika siku moja au mbili, na mama mmoja aliyeketi mbele yangu alikuwa akimweleza mwenzake kwamba za kwao Tandahimba zimeingia juzi. Kondakta akadakia kwamba basi leo na kesho bodaboda wa Mtwara watalala matajiri. Wenye baa na wapiga muziki hawakutajwa, lakini nilijua nao wamo katika hesabu hiyo.

Nimefikia kwa wakwe zangu Mikindani, kilometa kama kumi kabla ya Mtwara mjini. Ni mji mdogo wa kale ulioinama juu ya ghuba yake, wenye boma ambalo Wajerumani walilijenga mwaka 1895 na ambalo sasa ni hoteli. Ijumaa hapa ina heshima yake na hakuna anayefungulia muziki kabla ya swala ya isha. Baba mkwe aliitikia shikamoo yangu, akaniuliza habari za binti yake na wajukuu, na nilipomweleza nilichofuata alicheka kwa pua tu. Yeye katika ujana wake alisikia wazee wakisimulia beni, ile ngoma ya pwani iliyoiga gwaride na tarumbeta za askari, ambayo vyama vyake viwili, Marini na Arinoti, vilishindana kwa mavazi na kwa karamu hadi watu wakafilisika. «Wapiga ngoma wa zamani walikuwa wakitoa pesa,» alisema, «hawa wenu wanazipokea.»

Shemeji yangu, ambaye ni dereva wa bajaji na anazijua baa zote za Mtwara ingawa dadake anaamini anazijua kwa sababu ya abiria tu, amenitumia ujumbe kwamba kesho saa moja jioni nimsubiri barabarani.

Jumamosi, Mtwara

Mtwara si mji wa kuutembea kwa miguu usiku. Ulipangwa na Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940 ili uwe bandari ya mradi mkubwa wa karanga wa Nachingwea, wakaupimia barabara pana na nafasi za wazi kati ya mtaa na mtaa, kisha mradi ule ukafa mwaka 1951 na mji ukabaki umevaa shati la kaka mkubwa. Kutoka baa moja hadi nyingine mtu hupita viwanja vya giza vyenye mikorosho na miembe, ambamo muziki wa kule atokako umekwisha kufifia na wa kule aendako haujafika. Ndiyo maana bajaji ya shemeji ilikuwa nusu ya safari yenyewe.

Tulianza Shangani, kando ya bahari, katika ukumbi wa hoteli wenye viti vya kitambaa cheupe. Wanamuziki walikuwa wanne, wametoka Dar es Salaam kwa mkataba wa miezi miwili, na walipiga kwa ufundi ambao sina ubishi nao: nyimbo za zamani za Kikongo, moja ya Kizulu, mbili za bongo fleva zilizopunguzwa kasi ili watu waweze kula samaki huku wanasikiliza. Nilitega sikio upande wa chini wa muziki, nikaisikia besi, nzuri, imara, isiyokosea. Kisha nikaanza kuwahesabu waliokuwa jukwaani. Mwimbaji, mpiga gitaa, mpiga ngoma, na kijana mwenye kompyuta ndogo mbele yake. Hapakuwa na mtu wa besi. Ilikuwa imo ndani ya kompyuta, imerekodiwa zamani na mtu ambaye pengine saa ile alikuwa amelala kwake. Ubaya wa besi ya namna hiyo ni kwamba haiwezi kusubiri. Mzee mmoja aliinuka na mkewe kucheza wakati wimbo ulikuwa unakaribia kuisha, na bendi ya kweli ingeurefusha kwa ajili yao, kwa kuwa ndiyo kwanza walikuwa wamepata mwendo, lakini wimbo uliisha palepale ulipopangiwa kuisha na wale wawili wakabaki wameshikana mikono katikati ya sakafu.

«Hapa hapana mtu wako, shemeji,» aliniambia shemeji, naye hata soda yake alikuwa hajaimaliza.

Baa ya pili ilikuwa upande wa Majengo, na nakiri kwamba nilitaka tuipite. Kutoka barabarani niliona jukwaa la mbao lenye watu wawili tu, mwanamume mnene kidogo kwenye kinanda na mwanamke mwenye kipaza sauti, na mimi ni miongoni mwa wale wanaoamini kwamba kinanda kimewala ndugu zetu. Kina ngoma zake, kina tarumbeta zake, kina vinubi na filimbi, na mwenye baa akishakinunua hana haja ya kulisha watu tisa. Shemeji alikuwa na abiria wa kushusha hapo jirani, kwa hiyo nikaingia kumngojea, nikaagiza soda ya tangawizi na kukaa nyuma kabisa, kiti kikielekea lango.

Mwanamke alikuwa akiimba taarabu, kwa sauti iliyochoka kidogo na kwa hiyo yenye kuaminika, na meza moja ya wanawake waliovaa sare ya kitenge ilikuwa ikimtunza kwa zamu. Kila mmoja akija huku anacheza polepole, mkono wenye noti umeinuliwa juu ili rafiki na adui waione, humzunguka mwimbaji mara moja, humpachika noti kwenye paji la uso au mkononi na kurudi kwa mwendo uleule. Wimbo ulikuwa wa kuwasuta majirani, na nadhani jirani mwenyewe alikuwamo, maana noti nyingine zilipeperushwa kuelekea meza ya kona kabla ya kufika kwa mwimbaji. Ulipokwisha, mpiga kinanda akaanza zilipendwa. Hapo nilikigeuza kiti changu.

Alikuwa amezima mdundo wa mashine. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukigusa sauti chache tu, ilhali wa kushoto ulikuwa ukipiga besi. Simaanishi kwamba ulikuwa ukigonga sauti nzito hapa na pale, kama wafanyavyo wapiga kinanda wa kanisani. Ulikuwa ukipiga besi ya dansi, yenye kauli fupi na kimya, yenye kuteleza kutoka sauti moja kwenda nyingine kwa namna ambayo kinanda hakikuumbwa kuiweza, kwa sababu uzi huvutwa lakini kibonyezo hubonyezwa tu. Nikasogea karibu ili nione. Kidole gumba chake kilikuwa kinalala upande mwingine wa sauti, kinaiwahi kidogo na kuiachia nusu, na kila alipofika mahali pa kunyamaza vidole vyote vinne viliinuka juu ya vibonyezo na kukunjika, kama vinavyokunjika vidole vya mtu anayezuia uzi usiendelee kulia. Mkono ule ulikuwa umejifunza kwenye gitaa.

Nilitaka kusubiri apumzike nimsalimie, lakini shemeji alirudi akipiga honi. Bendi kamili ilikuwa Chikongola, alisema, watu tisa, na besi ya kweli yenye mtu wa kweli nyuma yake.

Chikongola ndiko usiku wenyewe ulikokuwa. Tangu njia panda tuliisikia saksafoni ikipita juu ya mabati, na tulipofika hapakuwa na pa kuegesha kwa wingi wa pikipiki, nyingine zikiwa bado na vumbi jekundu la uwanda wa juu wa Newala. Ua ule ulikuwa mpana, nusu yake imeezekwa makuti na nusu iko wazi, mishkaki inafuka moshi upande wa ukuta, na jukwaani walikuwapo magitaa matatu, tumba, ngoma, wapuliza wawili na waimbaji wawili. Ni mpangilio ambao Mlimani Park Orchestra, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1978, iliwazoesha watu wa nchi hii kuutegemea, solo na gitaa la kati vikijibizana bila kugombana, na besi ikiwa chini kama mzee wa baraza. Wimbo ulianza taratibu, ukapita katika beti zake za kulalamikia mapenzi na pesa, kisha ukaingia kwenye chemko, waimbaji wakakaa pembeni na magitaa yakaachiwa uwanja.

Nilifuata maagizo, sikumtazama mpiga solo. Mpiga besi alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya ufito, amekaa kwenye kreti la soda lililopinduliwa kwa sababu ya magoti yake, na spika yake ilikuwa imepasuka karatasi hata kila sauti nzito ilikuja na mtetemo wa kopo. Haikumsumbua. Karibu na saa tano mpiga tumba aliingiza mapigo ya sindimba. Ngoma hiyo ilifundishwa mashuleni karibu nchi nzima baada ya uhuru, nami niliicheza Lindi nikiwa darasa la nne kwa kupangwa mistari miwili na kupigiwa filimbi na mwalimu wa michezo. Lakini wale walioinuka Chikongola hawakuifundishwa shuleni. Wanawake walifunga kanga viunoni kwa fundo moja la haraka, wanaume wakaacha chupa mezani bila kuangalia nyuma, na kikundi cha vijana wenye fulana za Konde Gang, ambao hadi saa ile walikuwa wakidai wapigiwe nyimbo za Harmonize kwa kuwa ni mtoto wa nyumbani, kwao Tandahimba, waliacha kudai na kuingia uwanjani. Mzee wa besi akaondoa mkono kabisa. Kwa mizunguko miwili mizima hakupiga sauti hata moja, alikaa tu akiwatazama miguu. Kisha akarudi kwa sauti moja ya chini, na ua mzima ukashuka naye.

Nikaandika katika daftari langu: huyu. Kisha nikakata, kwa sababu mtu wa miaka sabini mwenye magoti yale huwezi kumwambia apande Kosta kwenda Lindi kupiga harusi hadi alfajiri.

Mapumziko nilikaa naye. Nilimwamkia, nikajitambulisha kwa jina la mzee wetu, akamkumbuka, maana waliwahi kupiga pamoja Nachingwea. Alinieleza kwamba kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, wakati Rufiji ikivukwa kwa pantoni na barabara ikikatika kila masika, bendi za Dar es Salaam zilikuwa zikija Kusini kwa meli, na kwa kuwa kuja kulikuwa na gharama haziondoki upesi. Zikishuka Mtwara hupanda Newala, hupita Masasi, hushukia Nachingwea na Lindi, na kila zilikopita vijana walikaa mbele ya jukwaa kutazama vidole. Yeye alijifunza hivyo. Gitaa la kwanza aliloshika lilikuwa mali ya mwajiri wake, kwa sababu nyakati zile vyombo vilikuwa vya taasisi, kama vile NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilivyokuwa ya chama cha wafanyakazi na Mlimani Park ilivyokuja kuwa ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, na mpigaji alikuwa mtu wa mshahara. «Tulikuwa hatuna gitaa, lakini tulikuwa na mwisho wa mwezi,» alisema. Sasa vyombo vya bendi yake ni vya mwenye baa, na mwisho wa mwezi haupo.

Hapo ndipo ualimu wangu ulipochokozeka. Nilimwuliza, kwa adabu, usiku kama huu wanagawana nini, naye hakunificha. Mwenye baa anatoa laki tatu. Elfu themanini zinakwenda kwenye mitambo ya kukodi na fundi wake, elfu ishirini kwa gari la kubebea vyombo, zinabaki laki mbili. Pesa za kutunzwa usiku huu, kwa kuwa za korosho zimetoka, huenda zikafika elfu sabini. Wako tisa. Kila mmoja anaondoka na elfu thelathini, na hiyo ndiyo Jumamosi bora ya mwaka. Mwezi Machi, wakati korosho zimekwisha na mvua inanyesha, mwenye baa hutoa laki moja na kuwaambia waje watano. Nilimwuliza nani huachwa kwanza. Akaonyesha kreti alilokalia.

Mvua ilianza kabla hajamaliza soda yake, mvua ya Desemba yenye matone makubwa, na watu wote wa upande wa wazi wakakimbilia chini ya makuti huku fundi mitambo akitupia turubai juu ya spika na kutukana kwa Kimakonde. Bendi haikuendelea. Tulikaa robo saa tumebanana, tukinuka moshi wa mishkaki na nguo mbichi, kisha shemeji akanishika mkono.

Baa ya nne, Magomeni, siiandikii mengi. Ilikuwa singeli kutoka kwenye mashine, kasi ambayo magoti yangu hayakuielewa, vijana wanairukia kwa furaha ya kweli, na hakuna aliyeshika chombo. Dakika kumi zilitutosha, ingawa shemeji alicheza nane kati ya hizo.

Nilimwomba anirudishe Majengo. Alinung'unika kwamba ni saa saba na nusu, kwamba dadake atamlaumu yeye, lakini alipiga bajaji stati. Tulimkuta mpiga kinanda anakunja nyaya, anazizungusha kati ya kiganja na kiwiko kwa utaratibu wa mtu aliyezifanya kazi miaka mingi, na mwenzake anahesabu noti kwenye meza, anazinyoosha moja moja maana nyingi zilikuwa zimelowa jasho la paji la uso.

«Kaka, samahani kwa usumbufu,» nilimwambia. «Mkono wako wa kushoto ulijifunzia wapi?»

Alicheka. Alisema mimi ni mtu wa kwanza kumwuliza hivyo, wengine wote humwuliza kinanda kiligharimu kiasi gani. Alipiga besi kwa miaka kumi na mmoja katika bendi mbili ambazo zote zimekufa. Gitaa lake la besi aliliuza ili kuongezea pesa ya kinanda, na hesabu yake alinipa mwenyewe bila kuombwa, kwa sababu alidhani nimekuja kumlaumu kama walivyokwisha kumlaumu wengine. Mwenye baa humpa laki moja na ishirini, spika ni za baa, hakuna gari la kukodi kwa kuwa kinanda hukaa mapajani kwenye bajaji. Kwa usiku ule walitunzwa elfu arobaini. Laki moja na sitini kwa watu wawili. Mwezi Machi hushuka, lakini mbili haigawanyiki zaidi ya hapo.

Nimefundisha kugawanya kwa miaka kumi na minne na sikupata mahali pa kulikosoa jibu hilo. Nilimweleza habari za harusi tatu, nikamtajia anachoweza kulipa mzee, ambacho kilikuwa zaidi kidogo ya fungu la yule wa Chikongola na chini sana ya lake. Hakukataa wala hakukubali. Aliniuliza harusi zinaangukia siku gani, nikamjibu kwamba mbili ni Jumamosi na moja Alhamisi. Jumamosi, alisema, hawezi kumwacha mwenzake, kwa kuwa naye ana watoto. Alichukua namba yangu ya simu, akaiandika nyuma ya karatasi ya orodha ya nyimbo, na wakati tunaagana niliona mkono ule wa kushoto, ukiwa hauna kazi, unabonyeza hewa kando ya paja lake.

Jumapili, Mikindani na kurudi

Nimelala saa tatu tu. Mama mkwe alinitengea chai na mihogo bila kuniuliza nilikuwa wapi, na adabu hiyo ilinielemea kuliko swali lenyewe. Shemeji hakuonekana hadi saa nne, ameosha bajaji na uso, akidai kwamba kuna bonanza la mchana huko mjini lenye bendi nyingine, na kwamba mpiga besi wake ni kijana. Tulikwenda. Kijana alikuwapo na alikuwa na nguvu, alipiga kila pigo bila kuacha hata moja, kama mtu anayelipwa kwa kila sauti, na baada ya nyimbo tatu nilimlipia soda nikaondoka bila kumwambia nilichofuata. Huenda miaka mitano ijayo atajifunza kunyamaza.

Stendi nilipata Kosta ya saa nane. Tulikuwa tumepita Mikindani, ghuba iko upande wa kulia na mvua inaanza tena kupiga vioo, simu ilipolia kwa namba nisiyoijua.

«Mwalimu, shikamoo,» ilisema sauti ya jana, ingawa nadhani tunalingana. «Ile harusi ya Alhamisi. Nikija asubuhi nikarudi Ijumaa, nauli mnatoa?»

Nikamwambia nauli tutatoa, na kwa mzee kuna pa kulala.

«Na besi lenu lina hali gani?»

Nilimweleza ukweli kwamba mwili mzima, shingo haijapinda, ila zimebaki nyuzi tatu na mnene ndio uliokatika. Kwa muda nikasikia watoto wakicheza nyuma yake, na mtu akisogeza kitu kizito sakafuni.

«Basi msihangaike kuagiza Kariakoo,» alisema. «Nilipouza lile langu nilikuwa nimenunua seti mpya wiki iyo hiyo. Sikumpa aliyelinunua. Pakiti ipo hapa kabatini, sijaifungua.»